Injini Isiyo na Namba

Jumapili, 4 Juni 2006. Garland, Texas

Nimeshalinunua na silirudishi. Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, buluu iliyokolea, paa la turubai la kukunja, injini ya silinda nane. Lilikaa miaka kumi na mmoja chini ya plastiki nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mtaani kwetu, na injini haiwaki.

Baada ya ibada Lydiah, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinivuta kando karibu na meza ya chai akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akasema gari lisilo na paa ni la wasichana wenye mapepe, na mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nesi, tena shemasi. Nikamwuliza ni aya gani inayozungumzia paa. Akarudi kwenye chai yake, na najua jioni hii simu za Wakenya wote kuanzia hapa hadi Arlington zinaongea habari zangu.

Onyancha, mume wangu, alipiga simu kutoka barabarani. Anaendesha lori, na wiki hii yuko Arizona. Alicheka mpaka akakohoa, akaniita kwa jina la mwanetu.

"Mama Sheldon, nyumba yetu ya Nyamache haijaezekwa, na wewe unanunua gari haina roof. Ni nini, una-match?"

Nikamwambia mvua ya Nyamache, kule kwetu Kenya, inanyeshea matofali, hainyeshei mtu. Wote wananiuliza kwa nini, na jibu langu ni moja: nalitaka. Miaka kumi na miwili nimeendesha gari la rangi ya uji kwenda zamu na kurudi. Sikuomba ruhusa ya kuchoka, na kwa hili pia siombi ruhusa.

Jumatano, 7 Juni

Digrii 97 kwa kipimo cha Marekani, kama 36 za kwetu. Fundi amekuja.

Anaitwa Émile Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili chake ni cha kule: injini ni moteur, ndiyo ni njo, nami Kezia ni Mama Kezia. Mkewe Clothilde tunafanya naye kazi pale nyumba ya wazee, yeye akiwaogesha, mimi nikiwapa dawa. Émile alikuwa na gereji yake Bukavu miaka kumi na tisa, mpaka vita vikaila. Hapa Garland anapanga maboksi ghalani.

Alilizunguka gari mara mbili. Kisha akafungua boneti, akachovya kidole kwenye mafuta, akakinusa.

"Mama Kezia, hii moteur ilichemuka. Ilichemuka mubaya, njo waliacha gari."

"Itapona?"

"Itapona." Alisema kama daktari mwenye heshima zake, bila kuniangalia.

Jumamosi, 17 Juni

Injini imetolewa. Gereji ya nyumba yangu imejaa vyuma na harufu ya petroli. Digrii 99.

Jumatano, 21 Juni

Leo kuna jambo. Mzungu mmoja wa mji wa Plano anayeitwa Harlan, mwenye karakana ya kufufua magari ya zamani kwa ajili ya wakusanyaji, aliniletea turubai jipya la paa. Aliona jinsi Émile alivyonyoosha mlango wa kushoto. Akapitisha kiganja juu yake, akarudia, akaniuliza nani kafanya. Nikamwonyesha Émile kwa kidole. Harlan akasema tarehe 19 Agosti kuna maonyesho Houston. Nilipeleke gari katika kundi la magari halisi, yale ambayo kila kitu ni cha kiwandani. Majaji wakilipitisha, Jumatatu inayofuata fundi aanze kazi Plano, kwa mkataba na bima ya afya.

Nilipomtafsiria Émile alikaa juu ya tairi. Aliniuliza mara tatu kama nimesikia vizuri lile neno la bima. Clothilde mgongo wake umekwisha kwa kuinua wazee, na daktari wanamwona kwa bahati nasibu. Basi si gari langu tu tena. Likipita, Émile ni fundi. Lisipopita, ni maboksi.

Jumamosi, 1 Julai

Émile aliweka rula ya chuma juu ya bloku, yaani mwili wa injini, akapenyeza kibati chembamba chini yake. Imepinda, akasema, lakini kidogo sana. Akaona inaweza kutumika hivyo hivyo kwa gasketi nene ya kuziba katikati.

Nilikataa. Baba yangu alikuwa na pikapu ya kubeba ndizi, na tangu utoto najua kwamba gari likichemka swali ni moja: mmeskimu? Yaani, mmechonga uso wa chuma kwa mashine mpaka ukanyooka? Fundi asiyeskimu anakurudisha kwake kila mwezi. Nikamwambia Émile, skimu juu kwenye kichwa cha injini, skimu chini kwenye bloku, usiache kitu.

"Mama, nawe uko mekanisia!" Alifurahi. "Hata kule kwetu tunafanya vile. Nilisema ngojea kwanza, pengine hapa Amerika hawapendi."

"Chuma ni chuma," nikasema.

Tulipeleka bloku kwa Mmeksiko mwenye mashine ya kuchonga. Yeye hufunga Jumamosi, lakini alimwachia Émile ufunguo. Nilisimama nikaangalia. Uso wote wa bloku uling'aa, laini, mpaka ningeweza kujitazama nipake mafuta ya midomo. Émile aliufuta kwa kitambaa safi kama anayefuta uso wa mtoto.

Jumanne, 4 Julai

Zamu ya saa kumi na mbili. Fataki za sikukuu yao ya uhuru. Wazee wawili walilia.

Jumapili, 9 Julai

Imewaka! Saa nane na robo mchana. Jirani alitoka nje na kikombe chake mkononi. Émile aliniambia nisiguse kitu, akainamisha kichwa akasikiliza silinda moja moja, kisha akatabasamu. Jioni Lydiah alipiga kusema amesikia mlio huo mpaka kwake. Anakaa Mesquite, mji mwingine kabisa. Mwongo.

Jumamosi, 15 Julai

Digrii 104. Tulilipeleka barabara kuu ya 635, foleni ya kutosha, paa chini. Émile hakuangalia barabara hata mara moja. Alikuwa anaangalia mshale wa geji ya joto. Ulipanda mpaka katikati ukasimama hapo. Kando yetu gari jipya la mwaka huu lilikuwa limeegeshwa linatoa mvuke, na mwenyewe amekaa kwenye kivuli cha daraja. Nilimpungia mkono. Émile aliniambia si vizuri kumcheka mwenye gari linalochemka, nami nikamwambia simcheki, namsalimia.

Jumamosi, 22 Julai

Viti vimeshonwa. Digrii 101.

Jumamosi, 29 Julai

Naandika kwa hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Harlan alikuja kulikagua gari kabla ya Houston. Alisifu rangi, alisifu viti, alisikiliza injini akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akapiga goti upande wa abiria akiwa na tochi na kioo kidogo, akamulika mahali pale mbele ambapo bloku inakutana na kichwa cha injini. Akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

Kumbe pale kiwandani walikuwa wanagonga namba. Namba ile ndiyo inayolingana na ile ya dashibodi, na ndiyo ushahidi kwamba injini hii ilizaliwa na gari hili. Bila hiyo, kwa wakusanyaji, ni gari lolote lenye injini yoyote. Na ile namba ilikaa kwenye uso uleule tulioupitisha kwenye mashine. Hapo sasa ni peupe, panang'aa vizuri sana.

"Nani kafanya hivi?" Harlan akauliza.

Nami, Kezia, shemasi, nikasema: "Fundi."

Émile alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Kiingereza chake ni kidogo lakini neno hilo analijua. Hakuniangalia. Harlan alicheka kwa pua, akasema ndiyo hasara ya mafundi wa porini. Halafu akapoza sauti. Akasema hakijaharibika kitu. Karakanani kwake ana mihuri ya chuma yenye maandishi ya zamani yaleyale. Saa moja tu, namba inarudi, na hakuna jaji atakayejua. Jamaa wako aigonge mwenyewe, akasema, nami nitajua ni mtu ninayeweza kufanya naye kazi. Akaondoka.

Nilimtafsiria Émile yote. Nilimwambia ni saa moja tu. Alikuwa anafuta spana, akaendelea kufuta ileile.

"Hapana, Mama Kezia."

"Hapana nini? Injini si ni ileile? Namba si tunaijua, iko dashibodini? Tunarudisha tu kilichokuwepo."

"Mi nilifanya hii kazi mara moja. Mwaka wa tisini na nane. Wasoda, wale wa bunduki, waliniletea gari, wakasema ondoa numéro, piga ingine. Niliijua ile gari. Ilikuwa ya docteur, client wangu. Nikapiga. Nyuma ya siku tatu docteur alifika ku gereji kuniuliza, Émile, haukuona gari yangu? Nikamwangalia ndani ya macho, nikasema sikuona." Aliweka spana chini. "Ile siku kulikuwa bunduki ku kichwa yangu. Leo bunduki iko wapi?"

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia bunduki ni mgongo wa Clothilde. Nilimwambia anachagua kumlipa daktari wa Bukavu kwa mgongo wa mkewe. Nilimwambia tangu Juni nampigania kwa yule mzungu, na kwamba heshima ni ya watu wenye bima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafunga sanduku lake la vyombo, akasema, "Baki salama, mama," akaenda kwa miguu katika digrii 105, maana gari lake Clothilde alikuwa amekwenda nalo kazini. Sikumfuata.

Jumapili, 30 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 1 Agosti

Clothilde amenipita kwenye korido mara nne bila salamu. Saa ya chakula alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Émile alifika nyumbani na miguu. Nikamwuliza nani aliharibu numéro. Akasema, mi njo nilishika machine. Jina yako hakutaja. Lakini mi najua, Mama Kezia. Ile siku ya kuskimu alirudi anacheka, ananiambia ule mama wa Kenya alisema askimu juu na chini, anajua kazi."

Chakula kilinishinda. Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Nilimwona Émile kama mtu mpole anayehitaji kupiganiwa. Kumbe siku aliyohitaji kupiganiwa nilimtoa kwa neno moja ili mzungu asinione mjinga. Naona aibu. Naiandika hapa ili isije ikanitoka.

Alhamisi, 3 Agosti

Digrii 103. Gari limefunikwa.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimekwenda kwao. Nilibeba unga na kuku wawili, kwa sababu kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu, na nikakataa kukaa mpaka niseme. Watoto walikuwepo, Clothilde alikuwepo, na mgeni mmoja wa kanisa lao ambaye simjui. Afadhali. Nilikosea mbele ya watu.

"Mimi ndiye niliyesema skimu," nikasema. "Papa Émile aliniambia inaweza kuachwa. Mimi nikakataa. Na Harlan alipouliza, nilimtupia yeye. Naomba unisamehe."

Émile alinivutia kiti. "Mama, ile machine mi njo niliishika. Tuko wawili."

"Basi tuko wawili. Lakini Harlan anajua mmoja."

Nikatoa simu palepale, nikampigia Harlan. Nilimwambia nesi wa Kenya ndiye aliyetoa amri, fundi alitii, na namba haitagongwa leo wala kesho. Aliguna. Akasema basi kazi ya Plano haipo, na nisipoteze mafuta kwenda Houston, tena yeye hana nafasi ya kunibebea gari kwenye trela. Nikamwuliza trela ya nini. Akasema hakuna anayeendesha gari la namna ile maili mia mbili na hamsini kwenye joto hili, yote yanabebwa.

"Langu lina magurudumu," nikamwambia. "Tutakuja kwa barabara."

Nilipokata, Clothilde alikuwa ameshika mdomo. Sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka.

Jumamosi, 12 Agosti

Émile amekaza kila boliti. Onyancha alipita akiwa njiani kwenda Oklahoma, akatambaa chini ya gari na ovaroli yake ya kazi, akatoka akisema, "Huyu jamaa ni fundi, wacha mchezo." Hajaongea habari za nyumba ya Nyamache wiki mbili sasa.

Lydiah naye alikuja, ametumwa na kamati, kuniambia watu wanasema. Nikamwambia waje waseme wakiwa wamekaa kiti cha nyuma, nafasi ipo. Aliondoka, lakini kwanza alikibonyeza kile kiti kwa kidole.

Ijumaa, 18 Agosti. Houston

Tumefika. Naandika hotelini na ngozi ya pua inabambuka.

Émile alitaka tuondoke alfajiri. Nilisema hapana. Tukienda na baridi, watasema baridi ndiyo iliyotuleta. Alifikiri, akasema, "Iko kweli." Tukaondoka Garland saa sita kamili mchana, jua utosini, digrii 103, paa chini. Mimi kwenye usukani, Émile pembeni na macho kwenye mshale, Clothilde nyuma amejifunga kitenge kichwani na miwani myeusi ya mhudumu mwenzetu.

Corsicana, mshale katikati. Tulisimama tukanywa maji, Émile akashika rejeta kwa kiganja kama ninavyoshika paji la mgonjwa. Baada ya Centerville trela ya Harlan ilitupita. Gari lake la maonyesho lilikuwa limefungwa kwa mikanda minne na kufunikwa shuka jeupe, limelala kama maiti. Alipiga honi. Clothilde alisimama kwenye kiti cha nyuma, mwanamke mwenye mgongo mbovu, akampungia mikono yote miwili mpaka nikampigia kelele akae.

Huntsville, mshale katikati. Kisha Houston yenyewe, saa kumi na moja, foleni ya njia sita, lami inatoa mvuke, hakuna upepo. Dakika arobaini tulisogea hatua moja moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Mshale ukapanda kidogo, upana wa ukucha. Émile alianza kusali kwa Kishi, lugha ya kwao. Ukasimama. Tuliposogea tena ukashuka, na Émile akatoa leso akajifuta macho, akasema ni vumbi.

Jumamosi, 19 Agosti

Nilikuwa nimeandika kadi kwa herufi kubwa nikaiweka mbele ya kioo, kwa Kiingereza: Injini hii ni ya gari hili. Ilichemka, ikaskimiwa na Émile Mushagalusa wa Garland, kwa amri ya mwenye gari. Namba ilikwenda na mashine. Jana limetoka Garland kwa barabara, saa sita mchana.

Jaji alikuwa mwanamume mwenye kofia ya majani na adabu nyingi. Aliisoma, akaisoma tena. Akaniambia ninaelewa bila shaka kwamba sasa haliwezi kukaa katika kundi la magari halisi. Nikamwambia naelewa. Akasema angalau wengine hawaandiki. Nikamwuliza wengine ni wangapi kwenye mstari huu. Akatazama kalamu yake. Akatutuma mstari wa mwisho, karibu na vyoo vya plastiki, pamoja na magari yaliyobadilishwa injini.

Iliniuma. Sitasema haikuniuma. Nililitaka lile kundi, na nilitaka kusimama pale mbele na gauni langu la njano. Niliwasha injini, nikalitoa mstarini mimi mwenyewe, polepole, kichwa juu, kati ya magari yaliyoshuka kwenye trela asubuhi. Harlan alisimama kando ya lake akiisoma ile kadi likipita. "Umejiaibisha bure," alisema. Nikabadilisha gia nikapita.

Kule vyooni watu hawakosi. Wa kwanza alisimama akasoma kadi, akauliza kama ni kweli jana, mchana, kwa barabara. Akamwita mwenzake. Baadaye walikuwa kumi na kitu. Mzee mmoja wa Conroe, Delbert, aliomba tuwashe injini tena, akaiacha ikiunguruma kwenye jua nusu saa nzima kwa saa yake ya mkononi, akitazama mshale. Kisha akauliza ni nani kati yetu ndiye huyo wa kwenye kadi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Émile akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake, neno moja moja: "It is me. I did it."

Jumatatu, 21 Agosti

Digrii 100. Émile yuko ghalani, maboksi. Clothilde na mimi tuko zamu. Mgongo wake unauma zaidi kwa safari, na hana majuto.

Jumamosi, 2 Septemba

Delbert amekuja kutoka Conroe na gari lake juu ya trela. Linachemka kila kiangazi. Émile alilifungua, akaweka rula yake, kisha kabla ya kugusa kitu akanituma nilete kamera. Alipiga picha ya ile namba mara tatu. Akamwambia mzee, mimi nikitafsiri pale alipokwama, kwamba akiskimu namba itakwenda, na hatairudisha kwa muhuri, yeye wala mtu mwingine yeyote hapa gerejini. Achague. Mzee alikaa juu ya ndoo. Akasema ana miaka sabini na mbili na angependa kuendesha gari lake. Skimu.

Saa tisa simu yangu iliita. Harlan. Sauti laini kabisa. Wateja wake wawili waliokuwa Houston wamekuwa wakimwuliza habari za fundi yule. Akasema habari za namba tuziache, ile kazi bado ipo, na bima. "Jamaa wako yupo hapo?"

"Jamaa yupi?" nikamwuliza. "Ana jina."

Niliisikia karakana yake nyuma, nyundo na redio. Mlango wa kushoto aliupapasa kwa kiganja mwezi wa Juni. Jina alilisoma Houston kwa herufi kubwa. Hakuwa nalo.

Nikamwambia akilipata apige tena, nikakata. Émile, kichwa kikiwa ndani ya boneti, aliuliza ni nani. Nikamwambia yote, na kwamba kazi ya Plano ni yake akiitaka, namba ya simu ile pale. Alifikiri muda wa kufungua boliti moja.

"Atapiga," akasema. "Nipe spana ya nusu inchi."